Mwenye jengo apimwe paa kabla ya kupangisha

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie fremu, ofisi na maghala ya kupanga hapa Mtwara na Lindi, na umeme unaoteketea humo bila kumpoza mtu.

Chukua mkataba wowote wa fremu. Utakuta kodi ya mwezi, malipo ya miezi sita au mwaka mzima mbele, na nani atapaka rangi mpangaji akihama. Umeme umepewa mstari mmoja tu: mpangaji atajinunulia LUKU. Hapo ndipo kasoro ilipo. Aliyechagua bati, upande wa madirisha na unene wa waya ni mwenye jengo. Anayelipia uchaguzi huo kila mwezi ni mpangaji, ambaye hana hata ruhusa ya kupanda juu ya paa. Mwenye jengo naye haoni kwa nini atoe fedha, maana nafuu ikipatikana itaingia mfuko wa mwingine. (Tangu 2021 hata kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ileile, na wapangaji wangapi wanarudishiwa na wenye majengo, kila msomaji ajijibu mwenyewe.)

Tunachoomba ni hiki: Manispaa ya Mtwara-Mikindani na Manispaa ya Lindi ziweke kiwango cha chini ambacho jengo la biashara lazima lifikie kabla ya kupangishwa, na kiwango hicho kianzie kwenye paa.

Kwa nini paa? Mtwara iko nyuzi 10 na robo hivi kusini mwa Ikweta, Lindi nyuzi 10. Jua la mchana hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, kwenye tarehe 20 Oktoba hivi na tena tarehe 21 Februari hivi, na katikati ya siku hizo halisogei mbali. Kuta za kaskazini na kusini hazipati jua la maana msimu huo. Linalopigwa ni bati. Bati lililochakaa, saa saba mchana pasipo wingu, hupita nyuzijoto 60. Chini yake kuna uwazi wa kenchi, kisha dari la jipsamu lenye unene wa milimita 9, basi. Kwa hesabu ya kawaida, paa la namna hiyo huingiza ndani wati 60 hadi 80 za joto kwa kila mita mraba. Ofisi ya mita mraba 100 inapokea kilowati 6 hadi 8 kutoka juu peke yake. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinaondoa kilowati 3.5. Kwa hiyo viyoyozi viwili vya kwanza humo ndani havijampoza karani wala mteja. Vinabishana na bati.

Tuweke shilingi. Kiyoyozi cha zamani cha BTU 12,000 kisicho na inveta kinakula kama kilowati 1.2 kompresa inapozunguka. Ofisi ikifunguliwa saa 10 kwa siku na kompresa ikazunguka robo tatu ya muda huo, ni uniti 9. Kwa siku 26 za kazi ni uniti 234. Mteja wa biashara ndogo yuko kundi la bei ya umeme liitwalo T1, ambako uniti moja inafika karibu shilingi 356 kodi na tozo zikiwemo. Hiyo ni shilingi 83,000 kwa mwezi kwa kiyoyozi kimoja, 166,000 kwa viwili. Kuanzia Oktoba hadi Machi, msimu wa minada ya korosho na baada yake, inakaribia milioni moja. Fedha hiyo inapigana na joto ambalo ndoo mbili za rangi na magodoro ya nyuzi za kioo ya kutandikwa juu ya dari yangelizuia nje.

Rangi nyeupe ndiyo hatua ya bei ndogo, na ndiyo inayoharibiwa zaidi na haraka. Paa la mita mraba 140, ukiongeza mikunjo ya bati, ni kama 154 za kupaka. Lita moja hufunika mita mraba 8 hadi 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Mikono miwili inahitaji lita 31 hadi 39, yaani ndoo mbili za lita 20. Itumike rangi ya maji ya akriliki ya nje, maana ya mafuta hugeuka manjano na bati likaanza tena kunyonya joto. Huku kwetu adui ni chumvi. Upepo wa bahari huiacha juu ya bati, na ukipaka juu yake rangi inavimba malengelenge na kubanduka kabla ya mwaka. Paa lioshwe kwa maji baridi ya bomba, si ya kisima chenye chumvi, kutu ikwanguliwe kwa brashi ya waya, sehemu zilizokwanguliwa zipakwe rangi ya kuzuia kutu, ndipo nyeupe ifuate. Wakati mzuri ni Juni: mvua zimekwisha, nazo zimeshaosha bati kwa sehemu. Fundi aanze umande ukikauka na kusimama kabla ya saa nne asubuhi. Bati la saa sita hukausha rangi kabla haijashika. Baada ya hapo paa lioshwe kila mwaka, kwa sababu vumbi na ukungu hupunguza weupe, na weupe ndio unaofanya kazi.

Kuna wanaoweka karatasi ya alumini chini ya bati na kuamini wamemaliza. Karatasi hiyo inafaa, ila mara nyingi tunaikuta imewekwa vibaya. Fundi huitandaza juu ya papi na kuibana pamoja na bati, vikagusana. Alumini ikigusa bati joto linapita moja kwa moja kama hakuna kitu, kwa kuwa kazi yake ni kukataa joto la mng'aro, na mng'aro unahitaji uwazi wa hewa. Upande unaong'aa lazima uwe na nafasi isiyopungua milimita 25. Pia utazame chini. Ukitazama juu, vumbi linautanda ndani ya miaka michache na mng'aro unakwisha, wakati upande wa chini unabaki safi. Mwenye jengo anaweza kuwa amenunua karatasi nzuri na bado asipate chochote, kosa likiwa ni milimita 25.

Kinachotegemewa zaidi ni magodoro ya nyuzi za kioo ya milimita 50 juu ya dari. Yanalishusha lile joto la wati 80 hadi karibu 20 kwa mita mraba. Kabla ya kuyatandika, mivujo ya paa izibwe yote, kwani godoro lililolowa halizuii joto, linaozesha mbao na kulaza dari. Taa za kuzama darini ziachiwe nafasi ya sentimita 10 pande zote, la sivyo zitaungua. Na fundi avae barakoa, miwani na mikono mirefu. Nyuzi zile zinawasha. Uwazi wa kenchi nao upumue: kwa dari la mita mraba 100 pawe na matundu ya jumla ya mita mraba 0.6 hadi 0.7, nusu chini ya upenu na nusu karibu na kilele, yakiwekwa wavu wa kuzuia popo. Wavu wa bati unaliwa na kutu haraka pwani. Uwe wa alumini au plastiki.

Sasa tunafika kwenye kipimo chenyewe, na hapa ndipo tunapotofautiana na wanaotaka tuige kila kitu kutoka nje. Uingereza, katika England na Wales, kanuni za 2015 zinamkataza mwenye jengo la biashara kupangisha upya, kuanzia tarehe 1 Aprili 2018, jengo ambalo cheti chake cha nishati kina daraja la F au G, yale mawili ya chini kabisa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2023 katazo hilo linagusa hata mikataba iliyokuwa ikiendelea. Anayekiuka anaweza kutozwa faini inayofika pauni 150,000. Uholanzi, tangu tarehe 1 Januari 2023, ofisi zinazozidi mita mraba 100 zinatakiwa kuwa na daraja la C au bora zaidi. La kuchukua huko ni moja: mzigo amewekewa mwenye jengo, na mlango wa ukaguzi ni siku ya kupangisha. Lakini cheti chenyewe ni hesabu ya kompyuta inayokadiria jengo lingetumia nishati kiasi gani, na inahitaji jeshi la wakaguzi waliofunzwa. Nchi zile zinapigana zaidi na baridi. Kuleta herufi zao Mtwara ni kununua koti la manyoya kwa ajili ya pwani.

Sisi tunapendekeza kipimajoto cha mkononi cha kulenga, kinachosoma joto la kitu bila kukigusa, kile ambacho mafundi wengi wa viyoyozi wanacho. Siku ya jua, saa nane mchana, kiyoyozi kikiwa kimezimwa, mkaguzi apime joto la hewa kwa kipimajoto cha kawaida katikati ya chumba kwa urefu wa mtu aliyeketi, kisha alenge dari sehemu tano. Dari lisizidi joto la hewa kwa zaidi ya nyuzi 4. Dari lisilo na kinga huzidi kwa nyuzi 10 na kuendelea. Lenye godoro la milimita 50 huzidi kwa 3 hivi, na bati likiwa jeupe hupungua zaidi. Hakuna kubishana hapo, na ukaguzi ni wa dakika kumi. Tahadhari ni moja: kipimajoto cha kulenga hudanganyika kikilenga alumini au kitu chochote king'aacho, kwa hiyo kilenge jipsamu au mbao iliyopakwa rangi.

Baada ya paa ni vioo. Imeingia mtindo wa kuweka ukuta mzima wa kioo na alumini mbele ya fremu, hata pale mbele inapotazama magharibi. Saa kumi jioni jua letu liko chini ya nyuzi 40 kutoka upeo, na upenu wa sentimita 90 hufunika kama sentimita 50 hadi 75 tu za juu ya dirisha. Upenu huohuo kwenye ukuta wa kaskazini au kusini unatosha mchana wa mwaka mzima au karibu wote. Kwa magharibi dawa ni kitu kilichosimama: tofali za matundu, mwarobaini, au baraza yenye kina cha mita mbili na zaidi. Waliojenga maduka ya zamani ya Mikindani walijua hivyo. Kuta nene za mawe na chokaa, baraza mbele, wateja wakisubiri kivulini. Hatusemi turudi kujenga kwa mawe ya matumbawe. Tunasema kioo kinachotazama magharibi bila kivuli kisipewe kibali cha ujenzi, maana kibali hutolewa na halmashauri hiyohiyo.

Viyoyozi vyenyewe tutavisema kwa kifupi ingawa ndivyo vinavyotuletea kazi. Mwenye jengo akiruhusu kufungwa kiyoyozi, aonyeshe pa kukaa mtambo wa nje: sentimita 15 nyuma yake, mita moja mbele, kivulini, upande usiopigwa moja kwa moja na upepo wa bahari. Tunakuta mitambo minne imepangwa kwenye kichochoro cha upana wa mita moja, inapuliziana hewa ya moto, au imefungiwa ndani ya kizimba cha nondo na bati kwa kuogopa wezi. Kizimba cha nondo tupu hakina tatizo. Bati ndilo linaloua kompresa. Fundi asiyetumia pampu ya kunyonya hewa, anayefukuza hewa kwa kupuliza gesi kidogo, anaacha hewa na unyevu ndani ya mabomba. Presha inapanda, ampea zinapanda, na mpangaji anaambiwa gesi ya siku hizi ni feki. Pampu izunguke angalau dakika 20 hadi 30 na geji ya kupimia ombwe ishuke chini ya mikroni 500. Mapezi ya nje yaoshwe kwa maji baridi kila mwezi kwa majengo ya ufukweni. Na wapangaji nao: kuweka nyuzijoto 16 hakuharakishi ubaridi kwa kiyoyozi kisicho na inveta. Kasi ni ileile, ila hakizimi. Nyuzi 25 zinatosha, mlango ukiwa umefungwa.

Waya na mita ni eneo ambalo mwenye jengo hana kisingizio. Fremu sita kuchangia LUKU moja ni jambo la kawaida mjini. Fundi cherehani mwenye taa mbili anachanga sawa na mwenye mafriza matatu, au wanagombana kila uniti zinapokwisha. Katika mpango huo hakuna anayebana matumizi, kwa kuwa anachookoa kinaliwa na jirani. Kiwango kiseme: kila fremu na LUKU yake. Pale ambapo haijawezekana, mita ndogo iwekwe mahali pa wazi, na bei ya uniti isizidi ile iliyonunuliwa.

Halafu kuna waya mrefu. LUKU iko barabarani, fremu za nyuma ziko mita 40, na zimeunganishwa kwa waya wa milimita mraba 2.5. Kwa umbali huo, kwenda na kurudi, waya una ukinzani wa karibu omu 0.59. Ukipitisha ampea 15, volti 9 zinapotea njiani na wati 133 zinageuka joto ndani ya ukuta. Kwa saa 10 na siku 26 ni uniti 35 hivi, zaidi ya shilingi 12,000 kila mwezi za kupasha waya moto, mbali na hatari ya kuungua na kompresa inayoanza kwa shida volti zikiwa chini. Waya wa milimita mraba 10 unaipunguza hasara hiyo hadi uniti 9. Tofauti ya bei ya waya inalipwa mara moja. Hasara inalipwa miaka yote jengo litakaposimama. Kila kiyoyozi kiwe na laini yake kutoka kwenye ubao wa breka: milimita mraba 2.5 na breka ya ampea 16 au 20 kwa BTU 12,000, milimita mraba 4 kwa BTU 24,000.

Taa hazihitaji maneno mengi. Tyubu ya futi nne ya wati 36 pamoja na balasti yake hula kama wati 45, ya LED hula 18. Ofisi yenye tyubu 20 inaokoa uniti 140 kwa mwezi, karibu shilingi 50,000. Atakayebadilisha akumbuke kuiondoa balasti kwenye saketi, isibaki ikila umeme pale juu.

Maghala ya kupanga yasisahauliwe kwa sababu hayana viyoyozi. Ghala linahitaji paa jeupe na matundu ya kilele, ili unyevu utoke na bati lisitoe jasho la alfajiri likadondokea magunia. Korosho ghafi inatakiwa kukaa na unyevu wa asilimia 8 hadi 10. Mabati ya mwanga yakizidi asilimia 5 ya paa, ghala linageuka tanuri na feni zinawashwa mchana kutwa.

Nani alipe? Mwenye jengo, kwa sababu paa ni lake. Ila asibebeshwe kisicholipa: Waingereza wana msamaha kwa marekebisho ambayo gharama yake haiwezi kurudi kwa akiba ya miaka 7, na hapa muda huo ungeweza kufupishwa kuwa mitatu. Mwenye fedha kidogo aruhusiwe kukubaliana na mpangaji afanye kazi, risiti zitunzwe, kiasi kikatwe kwenye kodi ya miezi inayofuata, na makubaliano yaandikwe ndani ya mkataba uleule unaolipiwa ushuru wa stempu. Atakayepandisha kodi baada ya kukarabati asizidishe nusu ya akiba iliyopimwa kwenye LUKU.

Chombo cha kisheria kipo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya 1982 inaziruhusu halmashauri kutunga sheria ndogo, zikaidhinishwa na waziri. Tunaonya jambo moja: adhabu isining'inizwe kwenye leseni ya biashara. Leseni ni ya mpangaji, na kumnyima leseni kwa kosa la paa la mtu mwingine ni kumpiga aliyekwisha kupigwa. Karatasi ya vipimo, yaani joto la dari, LUKU, unene wa waya na kivuli cha magharibi, iambatishwe kwenye mkataba, ikiwa na sahihi ya mwenye jengo. Jengo lisilo na karatasi hiyo lisipangishwe upya. Yaliyokwisha kupangishwa yapewe miaka mitatu.

Halmashauri zenyewe zinapangisha vibanda na fremu za masoko. Zianze na hizo Juni ijayo, bati likiwa limetoka kuoshwa na mvua. Sisi tutakuja na vipimajoto vyetu.

Mafundi wa umeme na viyoyozi,
Mtwara Mjini